Nyekundu za Aina Nne: Uchambuzi wa Kisa cha Programu Iliyogoma Kusambaa Kati ya Arusha na Moshi

Usuli

Kampuni ni ya pembejeo za kilimo. Makao makuu yapo Arusha mjini, ghala kubwa lipo Moshi, na kando ya barabara ile ya kilomita 80 hivi inayounganisha miji hiyo kuna maduka yake madogo ya mbegu, mbolea na dawa za mimea. Majina yote yameondolewa, na vyeo vya watu wawili vimebadilishwa ili wasitambulike. Mimi nilihusika kama fundi wa nje mwenye mkataba wa usaidizi, nikaitwa mambo yakiwa yameshakwama.

Kompyuta zote zilikuwa zimepita 100 kidogo, na hazikuwa za rika moja. Ofisi kuu ilikuwa na laptopu mpya na intaneti ya faiba. Ghala na maduka walitumia dekstopu za mtumba, zilizonunuliwa mojamoja kila bajeti iliporuhusu, na intaneti yao ilitoka kwenye ruta za 4G zinazokula bando. Hakukuwa na domeni ya ofisini, yaani seva ya ndani inayozisimamia kompyuta zote kwa pamoja. Kila kompyuta ilikuwa imesajiliwa moja kwa moja kwenye wingu na kusimamiwa kwa Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta na kuzisambazia programu kwa mbali. Jambo hilo la domeni lina uzito huko mbele.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi: kusambaza toleo jipya la programu ya mauzo na stoo. Muuzaji wa programu alipanga kupandisha seva kwenda toleo jipya usiku wa Jumamosi, na baada ya hapo kompyuta yenye toleo la zamani isingeweza tena kuongea nayo. Duka ambalo kompyuta yake haijabadilishwa lisingeuza kitu. Ilikuwa mwisho wa Februari, wakulima wa ukanda huu wanajiandaa na masika, na Jumatatu za kipindi hicho kaunta haikaukiwi na watu.

Ijumaa hadi Jumamosi asubuhi

Ijumaa mchana fundi wa ndani aliandaa faili ya usakinishaji kwa ajili ya Intune. Ilikuwa na uzito wa karibu MB 900. Akaijaribu kwenye laptopu za idara yake, zote zikaipokea bila kinyongo. Saa 9 alasiri akaielekeza kwenye kundi la kompyuta zote za kampuni, kwa hali ya lazima. Wakala wa Intune aliye ndani ya kompyuta huuliza kama kuna programu mpya kila baada ya saa moja hivi, kwa hiyo hadi watu wanafunga ofisi safu ya kijani ilikuwa imeshaanza kujengeka kwenye dashibodi, ile skrini inayoonyesha kijani kwa kompyuta iliyofaulu na nyekundu kwa iliyofeli.

Jumamosi asubuhi safu hiyo ilikuwa imesimama. Karibu nusu ya kompyuta zilikuwa kijani. Sehemu nzuri ya zilizobaki zilikuwa nyekundu, na nyingine hazikusema lolote: si kijani, si nyekundu, zipo tu kwenye orodha. Meneja wa shughuli, ambaye maduka yote yako chini yake, alikuwa ameshapiga simu zaidi ya mara moja kabla sijafika. Nilimkuta amesimama nyuma ya kiti cha fundi.

"Hizo nyekundu si uzirushe tena tu, mdogo wangu?"

"Nimesharusha, dada. Zinarudi vilevile."

Ni kweli alikuwa amesharusha. Aliondoa programu kwenye kundi, akairudisha, akaziwasha upya kwa mbali zile alizoweza kuzifikia. Ilipofika saa 4 asubuhi ghala la Moshi likapiga simu kwamba hata barua pepe hazifunguki. Bando lilikuwa limekwisha.

Uamuzi wa kwanza: kusimamisha

Kabla ya kusoma logi yoyote, yaani faili ambamo kompyuta huandika kila ilichofanya, tuliondoa amri ya lazima kwa kompyuta zote zilizo kwenye ruta za 4G. Dada hakufurahi, na sikumlaumu. Kwa mtu anayehesabu saa zilizobaki kabla ya seva kubadilishwa, kusimamisha kunafanana na kukata tamaa. Hoja yangu kwake ilikuwa ya hesabu. Ghala la Moshi lina kompyuta 12. Kila moja ikishusha MB 900, bando la GB 10 limekwenda kabla mtu hajafungua tovuti hata moja. Na Intune, usakinishaji ukifeli, hujaribu tena mara tatu kwa tofauti ya dakika tano, kisha hutulia na kurudi baada ya takriban saa 24. Kuirusha upya kwa mkono kunaweza kuikatisha subira hiyo na kuanzisha mzunguko mwingine, bila kugusa kilichosababisha kosa. Kama sababu haijulikani, unachorudia ni gharama tu.

Baada ya hapo tulitoa orodha ya kompyuta zote ambazo hazikuwa kijani, tukaipanga kwa vitu viwili: namba ya kosa, na mahali kompyuta ilipo. Kazi hiyo ilituchukua muda mfupi kuliko simu zilizokuwa zinaingia. Ile "nyekundu" iliyoonekana kama tatizo moja ikagawanyika papo hapo.

Kundi la kwanza: nyekundu ambazo zilikuwa nzima

Kundi kubwa kuliko yote lilibeba kosa 0x87D1041C. Hili lina maana nyembamba sana, na mafundi wengi hulipita haraka. Linasema kwamba kisakinishi kiliendeshwa na kikamaliza kwa kudai kimefaulu, lakini Intune ilipokwenda kuitafuta programu kwa kanuni iliyopewa, haikuiona. Kwa hiyo kosa linahusu kutafuta, na huenda usakinishaji wenyewe hauna shida yoyote.

Tuliomba muuza duka mmoja afungue programu na kutusomea namba ya toleo iliyo chini ya dirisha. Akasoma namba iliyo juu zaidi ya ile tuliyokuwa tunasambaza. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mkufunzi wa muuzaji wa programu alipita kwenye maduka wiki za nyuma kufundisha, na kwa kuwa alihitaji toleo jipya ili aonyeshe, alilisakinisha kwa flashi. Lake lilikuwa na marekebisho madogo yaliyotoka baada ya faili tuliyopewa. Kisakinishi chetu kilipofika kilikuta toleo jipya zaidi yake, kikajiondokea kwa adabu na kurudisha sifuri, ambayo kwa Intune ni kufaulu. Kisha kanuni ya utambuzi ikaangalia faili kuu ya programu kama toleo lake ni *sawa na* lile tulilotaja. Halikuwa sawa. Nyekundu.

Dawa ilikuwa kubadilisha neno moja la mpangilio: toleo liwe *sawa na au zaidi ya*. Hakukuwa na cha kusakinisha wala cha kushusha. Kompyuta hizo zilipojiripoti tena, moja baada ya nyingine ziligeuka kijani, na dada akauliza kwa nini basi asubuhi nzima aliambiwa zimeharibika. Swali la haki kabisa.

Anayetaka kulithibitisha hili mwenyewe, logi za wakala ziko kwenye C:\ProgramData\Microsoft\IntuneManagementExtension\Logs. Kwenye matoleo ya karibuni habari za programu zinaandikwa kwenye faili ya AppWorkload.log, za zamani zilikuwa ndani ya IntuneManagementExtension.log. Humo utaona mstari wa utambuzi kabla ya usakinishaji, namba aliyorudisha kisakinishi, halafu utambuzi wa pili. Ukiona sifuri katikati na "haikupatikana" pande zote mbili, acha kuhangaika na kisakinishi, kaangalie kanuni.

Kundi la pili

Kompyuta chache za ofisi kuu zilionyesha 1618: kuna usakinishaji mwingine unaendelea. Zilikuwa katikati ya masasisho ya Windows. Namba hii Intune yenyewe huihesabu kuwa ni ya kujaribu tena, basi tukaziacha. Zilizobaki na kiporo cha kuwashwa upya tuliwaambia wenyewe wachague kurestati, wasizime. Kwenye kompyuta nyingi kuzima kwa kawaida, huku ile huduma ya kuwaka haraka ikiwa imewashwa, hakumalizii kiporo hicho. Kiini cha mfumo kinahifadhiwa diskini na kurudi kilivyokuwa. Kuna mtu pale anazima laptopu yake kila jioni kwa uaminifu, na mfumo wake ulikuwa haujawashwa upya kikamilifu kwa wiki kadhaa.

Kundi la tatu: bando la Moshi

Windows ina utaratibu wa kompyuta za mtandao mmoja kugawana kile kilichoshushwa, ili faili isivutwe kutoka nje mara 12. Sera ya kugawana ilikuwa imewekwa vizuri. Ila kompyuta za ghala ziliunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo kwenye ruta ile huzuia kifaa kimoja kukiona kingine. Kugawana huko hupita kwenye poti ya TCP 7680, yaani mlango wake maalumu wa mtandao, na hapo hapakupita kitu. Kila kompyuta ilivuta faili yake yenyewe kutoka nje.

Kwa nini Wi-Fi ya wageni? Kwa sababu nywila ya mtandao wa ofisi ilibadilishwa na aliyeibadilisha akahamishwa. Watu wa ghala walijitafutia njia, kazi ikaendelea, hakuna aliyeona haja ya kupiga simu.

Kundi la nne: zilizonyamaza

Hizi ndizo zilizonivutia zaidi. Hazikuwa na kosa lolote kwa sababu hazikuwa zimefika kwenye huduma ya usimamizi kabisa, na nyingi zilikuwa hukohuko Moshi. Ilikuwa rahisi kuzihesabu pamoja na wahanga wa bando na kuendelea. Lakini tarehe ya mwisho kuripoti kwa baadhi yake ilikuwa ya siku nyingi kabla ya Ijumaa, wakati bando lilikuwepo. Nikampigia mtunza ghala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, ile kompyuta ya pale kwenye mizani umeiwasha leo?"

"Imewaka toka asubuhi, ila imeamkia mwaka 2015 tena. Umeme ukikatika usiku, hiyo lazima irudi nyuma. Huwa namwita kijana wa stoo, anaingia kwenye ile skrini ya bluu anairudisha. Leo hajaja."

Betri ya bodi, ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta, ilikuwa imekufa. Ni ile ya duara, CR2032, inayotunza saa wakati kompyuta haina umeme. Dekstopu ya mtumba huja na betri iliyoanza kuhesabu miaka yake nchi nyingine. Kwa kompyuta iliyo mwaka 2015, cheti cha usalama cha tovuti yoyote ya leo bado hakijaanza kutumika, hivyo inakataa kuunganishwa. Programu za ofisini zinazosoma faili za humohumo zinafanya kazi kama kawaida, ndiyo maana mtu anaweza kuishi nayo.

Mtu atauliza: Windows si hurekebisha saa yenyewe kupitia mtandao? Hurekebisha, kwa mpaka. Kompyuta isiyo kwenye domeni, kwa mpangilio wake wa kawaida, haikubali marekebisho yanayozidi sekunde 54,000, yaani saa 15. Ikikuta tofauti kubwa kuliko hiyo inaiona kama uongo na kuikataa. Kompyuta iliyo kwenye domeni haina mpaka huo kwa kawaida. Zetu hazikuwa na domeni. Na hapa ndipo fundo lenyewe lilipo: huwezi kuitumia Intune kuirekebisha saa, kwa kuwa saa hiyohiyo ndiyo inayoizuia kompyuta kuifikia Intune. Lazima mtu aende.

Maamuzi mawili yaliyofuata

La kwanza lilihusu seva. Tulikubaliana na dada kwamba ikifika saa 10 jioni na Moshi haijathibitishwa kwa macho, seva isiguswe usiku huo. Kusema "kwa macho" kulikuwa na maana yake: mtu aone programu imefunguka na namba ya toleo imesomwa, isiwe rangi ya dashibodi. Muuzaji wa programu alinung'unika, kwa kuwa watu wake walishajipanga kukesha. Saa 10 ilifika, Moshi haikuwa tayari, kazi ya seva ikasogezwa hadi Jumapili usiku. Nadhani uamuzi huu ndio uliookoa Jumatatu kuliko kitu chochote cha kiufundi tulichofanya.

La pili lilikuwa kupeleka faili kwa gari. Fundi wa ndani aliondoka na pikapu ya kampuni akiwa na diski ya nje, na betri za CR2032 alizozinunua njiani mjini Moshi. Kulikuwa na wazo la kununua bando jipya na kuacha kompyuta zivute zenyewe usiku. Lingewezekana kwa zile zenye saa nzima, lakini zile za mwaka 2015 zingebaki vilevile, na safari ilikuwa lazima hata hivyo.

Kazi ya ghalani ilikuwa ya mikono. Unachomoa waya wa umeme, unafungua ubavu wa kasha, unapuliza vumbi, ambalo kwenye ghala la mbolea ni jingi na lina harufu yake, unasukuma kile kishikizo kidogo kwa ncha ya bisibisi mpaka betri iruke, unaweka mpya maandishi yakiwa juu. Unawasha, unaingia kwenye mipangilio ya bodi, unaweka tarehe. Ikishaingia Windows tu, wakala wa Intune anaamka na kuanza kuripoti kama mtu aliyetoka usingizini.

Fundi aliendesha kisakinishi kutoka kwenye diski kwa amri ileile ya kimya iliyopo Intune, ili kompyuta hizo zisitofautiane na nyingine. Kanuni ya utambuzi iliyorekebishwa ikaikuta programu ipo, Intune ikaacha kudai. Kabla ya kuondoka alizihamisha kompyuta zote kwenye Wi-Fi ya ofisi.

Matokeo

Seva ilibadilishwa Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi maduka yalifungua na kuuza, isipokuwa kompyuta moja katika duka la wilayani Hai, iliyokuwa na kosa 0x80070070, yaani diski imejaa. Ilikuwa na diski ya GB 120 na video za harusi mbili. Muuzaji wa hapo alitumia kompyuta ya jirani yake hadi mchana. Kosa hilo lilikuwepo kwenye orodha yetu ya Jumamosi. Lilikuwa peke yake, likafunikwa na makundi makubwa.

Betri zilibadilishwa kwenye dekstopu zote za mtumba za ghala, hata zile ambazo hazikuwa zimelalamika. Sera ya saa iliongezwa pia, ikipanua ule mpaka wa saa 15, ili kompyuta iliyopotea isikatae kurudi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni mpangilio wa hatua. Kusimamisha, kupanga kwa namba na mahali, halafu kupiga simu. Simu mbili, ya muuza duka na ya mama wa ghala, zilitupa kile ambacho dashibodi isingetupa hata tungeitazama mpaka jioni. Fundi mwenye chombo cha usimamizi kutoka wingu huzoea kuamini kwamba kila kitu kinaonekana kutoka kwenye kiti chake. Chombo kinaonyesha kompyuta zinazoongea nacho. Kuhusu zilizonyamaza kinachojua ni tarehe ya mwisho tu, na tarehe hiyo ndiyo safu ya kwanza ninayoitazama siku hizi kabla ya kugusa programu yoyote.

Kilichofeli kilianza Ijumaa, kwenye majaribio. Laptopu za idara ya Tehama zote ni mpya, zote zipo kwenye faiba, na hakuna mkufunzi aliyewahi kuzichomeka flashi. Zilithibitisha kwamba kisakinishi kinafanya kazi kwenye kompyuta ambazo hazikuwa na sababu ya kukigomea. Kundi la majaribio lingekuwa na dekstopu moja ya ghala, moja ya duka na laptopu moja ya ofisi kuu, mambo matatu kati ya manne yangejulikana kabla hatujasambaza.

Baadaye kwenye kikao kulikuwa na mwelekeo wa kumtupia mzigo mkufunzi wa flashi. Sikukubaliana nao, na bado sikubaliani. Mkufunzi alitaka kufundisha, akakuta kompyuta zinaruhusu kusakinisha kwa akaunti ya muuza duka, akasakinisha. Ruhusa hiyo ndiyo ya kuulizwa. Na hata bila yeye, kanuni ya "sawa na" ingetuangusha siku programu ingejisasisha yenyewe.

La betri ni gumu zaidi, kwa kuwa halina mkosaji. Mama wa ghala alijua tatizo, alijua linakuja lini, na alikuwa na suluhisho lake lililofanya kazi. Kutoka kwake hadi kwa fundi hakukuwa na njia ambayo taarifa ya aina hiyo ingepita, fomu ya Tehama inauliza "kompyuta haiwaki?" na yake ilikuwa inawaka. Sasa fundi wa ndani hupiga simu ghalani na madukani kila mwanzo wa mwezi, anauliza maswali ya kawaida tu: saa iko sawa, mnatumia Wi-Fi ipi, kuna kitu mmezoea kukizungukia. Ni kazi ya kuchosha na haina ripoti ya rangi.

Kundi moja la kompyuta zote limevunjwa. Programu mpya sasa huenda kwanza kwa kompyuta chache mchanganyiko, kisha ofisi kuu, kisha maduka, ghala la mwisho, na hakuna kusambaza siku ya Ijumaa kuanzia Februari hadi Mei. Kilichobaki bila ufumbuzi ni intaneti ya maduka. Duka lenye kompyuta moja halina wa kugawana naye, hivyo kila toleo kubwa bado linakula bando lake zima, na ombi la faiba kwa maduka yaliyo karibu na mji liko mezani kwa mhasibu.